Nyumba Moja, Mifuko Mia Mbili

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha hosteli, uliza swali moja tu: nyumba ya vyumba viwili inajengwa kwa shilingi ngapi? Mmoja atataja milioni zake, wa pili atacheka na kusema hizo haziishii hata kwenye lenta, wa tatu atakuletea habari za mjomba wake aliyemaliza kwa nusu ya hapo "mwaka ule". Na wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Mmoja anahesabu kuta tu. Mwingine ameingiza kiwanja, choo na umeme. Mjomba naye alijenga zamani, mchanga akauchota mtoni bila kumlipa mtu. Kila mtu anataja bei ya kitu tofauti, halafu tunashangaa hatuelewani.

Kwa hiyo mimi niliacha kuhesabu nyumba kwa shilingi. Nahesabu kwa mifuko ya saruji. Shilingi inabadilika, lakini mfuko wa kilo 50 ni wa kilo 50 Dodoma, Kilosa na Kigoma. Ukishajua nyumba yako inakula mifuko mingapi, unapiga simu duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwenu, unauliza bei ya leo, unazidisha. Somo lenyewe ndilo hilo. Mimi nasoma takwimu hapa Dodoma, na kwetu ni Masanze, wilaya ya Kilosa. Hesabu hizi nilianza kuzijua wakati wa likizo nikiwa saidia fundi, nabeba zege kichwani, na baadaye nikazipanga kwenye karatasi. Wenzetu wanaosoma ukadiriaji majenzi Chuo Kikuu Ardhi watapata pa kunisahihisha kwenye desimali. Picha nzima sidhani kama itabadilika.

Chukua nyumba ya kawaida: mita 9 kwa 8, vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Ukizunguka kuta za nje unapata mita 34. Za ndani tuseme mita 22. Jumla mita 56 za ukuta. Kimo mita 3, kwa hiyo mita za mraba 168. Toa milango na madirisha, kama mita 22, unabaki na 146. Tofali letu la mchanga na saruji lina inchi 18 kwa 9 kwa 6, na likisimamishwa zinaingia tisa hivi kwenye mita moja ya mraba. Fundi atakuambia hesabu kumi, na yuko sahihi, kwa sababu mengine yatavunjika. Hapo una matofali 1,460 ya ukuta. Kwenye msingi ukilaza kozi tano, ongeza kama 600. Jumla 2,060.

Mfuko mmoja ukitoa matofali 35, hayo 2,060 yanahitaji mifuko 59.

Watu wengi wakifika hapo wanafunga daftari, kumbe ndiyo kwanza tumeanza. Zege la chini ya msingi, upana sentimita 60 na unene 15, ni mifuko 22. Lenta inayozunguka juu ya milango na madirisha ni 11. Jamvi la sakafu lenye unene wa sentimita 10 linakula 41. Udongo wa kujengea, yaani mchanga na saruji ya kuunganishia matofali, ni kama 29. Lipu ndani na nje ni 27. Sakafu ya kumalizia ni 14. Jumlisha: 203.

Angalia vizuri namba hizo. Tofali, ambalo kila mtu analiulizia bei na kila mtu anadhani ndilo nyumba, limechukua chini ya theluthi moja ya saruji. Jamvi peke yake, kitu kinachokanyagwa na hakipigwi picha, limekula zaidi ya theluthi mbili ya kile kilichokwenda kwenye matofali yote. Na bado sijagusa nondo, mbao za kenchi, bati, milango, vioo, nyaya, mabomba na rangi. Hivyo vina hesabu zake, na aliyefika huko atakuambia kwamba kuta ndizo sehemu ya raha.

Kwa kuwa macho yako kwenye tofali, wizi nao unakwenda hukohuko. Fundi au mwenye kiwanda cha matofali anayetoa 50 kwa mfuko badala ya 35 anatumia mifuko 41 pale ambapo wewe ulilipia 59. Mifuko 18 imeyeyuka, na huioni, kwa sababu tofali bichi lote lina rangi moja. Utaliona masika ya pili, likimeng'enyuka pembeni kama andazi la juzi. Tiba yake haihitaji digrii: simama kwenye saiti siku ya kufyatua, hesabu mifuko iliyofunguliwa, hesabu matofali yaliyoanikwa, gawanya. Mafundi wengi ni waaminifu na hawachukii mtu anayehesabu. Anayechukia ameshajijibu.

Sasa niwaambie kwa nini nilikaa chini na karatasi. Dada yangu na shemeji wana kiwanja pembezoni mwa jiji hapa Dodoma na wanapanga chumba na sebule. Baba alipopata habari kwamba wanataka kujenga, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za masomo akaingia kwenye hoja: "Mwanangu, huko mnanunua mchanga uliogandishwa kwa hela. Hapa nyumbani udongo upo, kuni zipo, vijana wapo. Tunachoma tofali, tunapakia lori, mnajenga." Na akaongeza la pili, kwamba ikibidi kuna ekari mbili za shamba zinaweza kuuzwa nyumba imalizike haraka. Baba hasemi ovyo. Nyumba yetu Masanze ameijenga kwa matofali ya kuchoma na imesimama kuliko nyumba nyingi za bloku ninazoziona huku.

Nikapiga hesabu ya kwanza. Tofali dogo la kuchoma, ukuta wa unene mmoja, yanaingia kama 60 kwenye mita ya mraba. Mita 146 ni matofali 8,760. Likiwa na kilo 3 kila moja, ni tani 26. Yale ya bloku yanahitaji mifuko 59 ya saruji, ambayo ni tani 3. Mchanga unapatikana hukuhuku Dodoma. Yaani tungelipa lori la tani 10 safari tatu, kutoka Kilosa hadi Dodoma, kusafirisha udongo. Faida yote ya udongo wa bure ingeishia kwenye dizeli. Tofali la kuchoma ni mali kubwa likijengwa pale lilipochomwa. Likipandishwa lori, kila kilomita inalipunguzia thamani.

Hata "kuni zipo" inahitaji kuangaliwa. Upande wetu nako kuna Dodoma, kijiji cha Dodoma Isanga, na ni miongoni mwa vijiji vya Kilosa vilivyoingia kwenye mpango wa mkaa endelevu ulioanza 2012 chini ya TFCG na MJUMITA. Kijiji kinatenga msitu wake, kinagawa vitalu vidogovidogo, kinavuna kwa zamu kwenye mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue, na ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Vijiji vilivyofanya hivyo vimejenga madarasa na ofisi kwa hela hiyo. Mti ukishakuwa na bei ya namna hiyo, tanuru la matofali halili kuni za bure tena. Linakula dawati la mtoto wa jirani.

Lakini kwa anayejenga Masanze kwenyewe, hesabu ya baba inasimama. Matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe, yakaunganishwa kwa tope, yanaondoa zile 59 na zile 29 kwa mkupuo. Nyumba ileile inabaki na mifuko 115 hivi. Ndiyo maana mtu wa kijijini akisikia gharama za mjini anahisi tunadanganywa. Hatudanganywi kwa kila kitu: sisi tunanunua kila kitu, yeye ananunua nusu.

Na tunanunua pamoja, kwa wakati mmoja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa 1973, ukasinzia miaka mingi. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuhama kweli, 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa na majukumu yake kupelekwa manispaa, Aprili 2018 mji ukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu hapa watu 410,956. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Ongezeko ni watu 354,223. Tukisema familia moja ni watu wanne, ni familia 24 mpya kila siku ya Mungu kwa miaka kumi mfululizo, zote zikihitaji pa kulala. Zingejengewa zote nyumba yetu ile ya mifuko 203, jiji lingemeza tani 240 za saruji kwa siku kwa ajili ya kuta za familia hizo tu, kabla ya wizara, barabara na hosteli zetu.

Saruji hiyo inatoka mbali: Wazo, Tanga, Mtwara, Songwe. Ikitokea kiwanda kimoja kimesimama kwa matengenezo, mnunuzi wa mwisho anaisikia wiki hiyohiyo. Mnakumbuka Novemba 2020, bei ilipopaa hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Pia serikali ina mkono wake humo. Tangu Julai 2023 kuna ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuja juu yake. Kwa nyumba yetu ushuru huo peke yake ni shilingi 203,000. Sisemi usiwepo, maana hela za miradi lazima zitoke mahali. Nasema anayejenga vyumba viwili na anayejenga ghorofa kumi wanalipa kiwango kilekile kwa kilo, na huyo wa vyumba viwili hana pa kulirudishia.

Gharama ambayo haimo kwenye karatasi ya fundi yeyote ni muda. Mfanyakazi wa kawaida anayejibana ananunua mifuko mitano kwa mwezi. Mifuko 203 kwa mwendo huo ni miezi 41. Miaka mitatu na miezi mitano, saruji tu. Miezi yote hiyo bado anapanga na kodi anatoa. Kwa hiyo swali la kwanza unapouliza gharama ya nyumba liwe hili: kodi unayolipa sasa, zidisha kwa 41. Iandike juu kabisa ya karatasi, kabla ya mchanga. Halafu ongeza nondo zinazooza nje, na mapagale ambayo ukipita jioni unakuta mbuzi ndio wamehamia.

Mtu atasema basi kopa. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa miaka ya 1970 mwanzoni na kufa 1995. Ikaja sheria ya mikopo ya nyumba 2008, na 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo. Njia ipo, lakini inataka hati ya kiwanja na mshahara unaoonekana. Na inataka ujue hesabu yake: milioni 10 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 unarudisha zaidi kidogo ya milioni 25. Sisi wasomaji wa gazeti hili tuna jambo la ziada. Wengi wetu tunakula boom. Siku ukipata ajira, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hujauona. Anayepanga kukopa nyumba mwaka wa kwanza wa kazi aanze kuhesabu kutoka kwenye asilimia 85, sio kwenye mia.

Niliyompendekezea dada ni hii: ramani ichorwe nzima, lakini ijengwe nusu. Upande mmoja wa mita 4.5 kwa 8, chumba, sebule na choo, uezekwe, wahamie. Nusu ya nyumba hailingani na nusu ya saruji, kwa sababu kuta nyingi bado unazihitaji. Nimepata mifuko 117. Kwa mitano kwa mwezi ni miezi 24 badala ya 41. Miezi 17 ya kodi inabaki mfukoni, na hiyo ndiyo inayonunua mifuko 86 iliyosalia. Shemeji alisita, akisema watu watasema kajenga kibanda. Dada akamwambia watu hao hawajawahi kumlipia kodi hata mwezi mmoja.

Mahali ambapo sikukubali kupunguza kitu ni chini. Kiwanja cha rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu tatu: kiko mbali na bomba, kiko mbali na barabara, au kina udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyumba juu yake inapandishwa na kushushwa kila mwaka hadi ukuta unafunguka kwenye kona ya dirisha. Kupunguza mifuko 22 ya zege la msingi hapo ni kununua ufa. Maji nayo ni gharama. Kuchanganyia mifuko 203 unahitaji zaidi ya lita 5,000, yaani madumu 250 ya lita 20, kabla ya kumwagilia. Dodoma hii ya ukame, ambako maji yanaweza kufika saiti kwa boza au mkokoteni, kinachorukwa ni kumwagilia. Tofali lisilomwagiliwa wiki ya kwanza halifikii nguvu yake hata kama lilipewa saruji yote.

Barabara ndiyo inayosahaulika zaidi. Dar es Salaam walijaribu kuitanguliza: mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima kwanza, ukachonga barabara, ndipo watu wakauziwa, maeneo kama Kibada, Tuangoma, Mbweni na Bunju. Kwingi kwingine tumejenga kwanza, sasa tunachangishana urasimishaji, na jirani anaambiwa abomoe ukuta alioujenga kwa mifuko yake ili gari la zimamoto lipite. Mifuko hiyo hairudi.

Haya yote nayaandika nikiwa Dodoma, lakini mawazo yako Kilosa. Treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma Julai 2024, na Kilosa ina stesheni. Mtu sasa anaweza kulala kwetu na kuwahi shughuli zake Morogoro au Dodoma. Mji ukisogezwa hivyo, watu wanakuja kutafuta viwanja, na watatafuta vya rahisi kwanza. Kwa Kilosa, tambarare ya rahisi iko karibu na Mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulivunja tuta la kuukinga mji, ukang'oa reli, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Nyumba za matofali yaliyounganishwa kwa tope, zile ambazo nimezisifia hapo juu, ndizo zisizostahimili maji yakituama. Masanze iko pembeni ya mji, na bado ina nafasi ya kuamua barabara zake zitapita wapi kabla ya mtu wa kwanza kuchimba msingi. Hiyo ni kazi ya mkutano mkuu wa kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Mwanafunzi anayerudi likizo na kujua kuzidisha anaweza kukaa kwenye mkutano huo na kuuliza maswali.

Na ndiyo sababu nilimwomba baba, kwa heshima zote, zile ekari mbili asiziuze. Kuziuza leo ni kuzipeleka zikawe jamvi na lipu Dodoma kwa bei ya shamba, wakati huenda miaka michache ijayo mwanakijiji mwenzake atakuwa anauza viwanja palepale. Alinyamaza kidogo kwenye simu, akauliza: "Hiyo nusu nyumba ya dada yako, choo kimo?" Nikamwambia kimo, shimo limeshachimbwa. Akasema basi kuni zake atazitafutia kazi nyingine.